Mguu uliokakamaa upimwe kabla ya kuongeza dawa

Mhariri,

Baridi hii ya Juni, wagonjwa wa kiharusi na walioumia uti wa mgongo wanatoka Makete na Njombe miguu imekaza kama mti. Wengi huongezewa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, papo hapo. Tunawasihi wenzetu wapime kwanza. Ukakamavu una vyanzo viwili, refleksi (mwitikio usio wa hiari) ya uti wa mgongo iliyochachamaa na misuli iliyofupika, na dawa hiyo hutuliza refleksi tu.

Kipimapembe kinatosha kuanzia. Mgonjwa alale chali, goti limenyooka. Sukuma wayo kuelekea juu polepole hadi ugote, usome pembe. Rudia kwa kasi, usome pale misuli inaponasa. Ukifika nyuzi 10 kupita pembe mraba polepole, kisha kwa kasi unanasa nyuzi 15 kabla ya pembe mraba, hizo nyuzi 25 za tofauti ndizo za refleksi. Pembe zote mbili zikigotea karibu mahali pamoja, tatizo kubwa ni ufupi wa misuli: hapo ni kunyoosha na kufunga banzi.

Penye mashine ya kupima umeme wa misuli, pima refleksi ya H, mwitikio wa misuli unaopitia uti wa mgongo, aliyoieleza Paul Hoffmann mwaka 1910. Chochea neva nyuma ya goti kwa mpigo wa umeme wa milisekunde 1, unase mawimbi kwenye msuli wa soleusi, chini ya shavu la mguu. Elektrodi ya ardhi ikae kati ya pa kuchochea na pa kunasia. Wimbi M, jibu la misuli la moja kwa moja bila kupitia uti wa mgongo, hutokea mapema, H karibu milisekunde 30. Ukizidisha umeme H hufifia hadi kupotea. Elektrodi haijabanduka, ni ishara zinazorudi juu ya neva zikigongana na zile za refleksi zinazoshuka. Linganisha H kubwa kabisa na M kubwa kabisa.

Wengi hukosea kwenye muda. Acha angalau sekunde 10 kati ya mpigo na mpigo. Ukiharakisha, H ya mtu mzima wa afya hushuka sana, ya mwenye ukakamavu hushuka kidogo, na ulinganisho wako unaharibika. Kuuma meno au kukunja ngumi huipandisha H. Mguu wa baridi huchelewesha mawimbi, kwa hiyo ufunikwe blanketi kwanza.

Kwenye faili andikeni mkao, pembe ya kifundo, na saa ya dozi ya mwisho, maana kipimo cha Juni bila hayo hakilinganishwi na cha Septemba. Na mgonjwa asiache baklofeni ghafla. Anaweza kupata degedege.

Watoa tiba kwa mazoezi,
Mbeya