Miaka 33 Idi imezunguka, imenikuta tena kwenye matope

Asalaam alaykum ndugu zangu, jamaa, majirani wa zamani na wa sasa, na nyie mlohama mkatusahau. Idd Mubarak! Minal aidina wal faizina, Mungu atutakabalie funga zetu na zile tulizofunga kwa kununa. Saa hizi ni usiku wa sikukuu pili, watoto wamelala na nguo zao za sikukuu maana hawataki kuvuliwa, miguu yangu imevimba, jikoni kuna masufuria sijui nianze na lipi, nkasema hebu nikae hapa barazani niwaandikie kabla usingizi haujanichukua. Wale nlokuwa niwapigie simu na skuwapigia, nisameheni, simu yenyewe ndo hii.

Mwaka huu sikukuu imekuwa na mwenyewe kwa sababu bi mkubwa, mama yangu, yuko kwangu. Kaja kutoka Chake Chake, Pemba, kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, boti lilichelewa kuondoka na abiria hawakuambiwa sababu, kafika bandarini Malindi usiku kachoka hajiwezi, lakini mtu huyo huyo hata baibui hajavua kashauliza kama nna mkaa. Nkamwambia mama mie napikia gesi, na oveni ninayo. Akanitazama vile mama zetu wanavotazama. Asubuhi mkaa ukanunuliwa, tena gunia, ati sikukuu haiji na kipolo. Mzigo aloshuka nao sitausema wote, kulikuwa na halua ya Wete, ndizi, na karafuu za kutia kwenye pilau, kana kwamba Unguja karafuu zimekwisha.

Mkaa ulikuwa wa mkate wa kumimina. Mchele karoweka mwenyewe, kausaga na tui zito la nazi ya kukuna kwa mbuzi (la paketi kalikataa kwa mkono), sukari, hamira, iliki kaitwanga hapo hapo, kauacha umuumuke huku anasoma uradi wake. Halafu kakaa kwenye kibao na njukuti ya ufagio mkononi kama mwalimu wa madrasa. Sufuria likipata moto unamimina, unasubiri mpaka vitundu vidogo vidogo vifumuke juu kama mchanga wa pwani maji yakitoka, ndo unafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko, moto wa chini unaupunguza. Anachoma njukuti, anaitoa, anaiangalia, anairamba, "bado". Mwanangu wa kike kachuchumaa pembeni anahesabu bado, zilifika sita. Mdogo wangu wa kiume alo Maskati tukampigia ya video akaomba simu tuiweke karibu na sufuria, tukaiweka, akanyamaza kimya, mie nkadhani mtandao umekatika, kumbe jitu zima lina ndevu linalia.

Sasa usiku wa kuamkia sikukuu mvua ikaanza. Siyo kubwa, ile ya masika kubisha hodi. Mie nkaanza kulalamika, viatu vya watoto vyeupe, uwanjani kutakuwa matope, bi mkubwa anachambua tambi hata kichwa hakuinua, akasema, "Idi ya baba yako hii. Imerudi."

Nkamuuliza imerudi vipi, akanambia hesabu wewe ulosoma. Nkahesabu. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, wa jua 365, kwa hivo Idi kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja, inapita kaskazi, inapita vuli, inapita kipupwe, mpaka inamaliza mzunguko mzima na kurudi pale pale ilipokuwa, na hiyo inachukua miaka 33 ya jua, ambayo ni 34 ya Kiislamu. Mwaka huu ni 1447. Ukitoa 34 unapata 1413, na Idi ndogo ya 1413 iliangukia Machi 1993, mwanzo wa masika kama hii. Mie nlikuwa na miaka minane. Mwanangu wa kike ana minane. Wallahi nlikaa na kalamu mkononi nywele zimenisimama.

Ile ya 1993 naikumbuka kwa sababu moja tu, baba. Baba hakuwa mtu wa matembezi, alikuwa mtu wa msikitini, shambani, nyumbani. Sikukuu alikuwa anatupa shilingi 20 kila mmoja na kurudi kwenye kahawa yake. Mwaka ule mama alikuwa na mimba kubwa ya huyu mdogo wangu wa Maskati, hawezi kutoka, mvua inanyesha, mie nshavaa gauni langu la matabaka na kikuba kimebanwa kifuani, nalia. Baba akachukua mwavuli mweusi ulovunjika ubavu mmoja akasema twende. Tukaenda kiwanjani Tibirinzi kwa miguu. Kulikuwa na bembea za mbao, watu wa kashata, wa maji ya ndimu, wa miwani za karatasi za rangi, na matope, jamani matope. Kiatu changu kimoja kikazama, baba kakunja kanzu yake mpya mpaka magotini, kaingia mkono kukitafuta, mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, kakitoa kimegeuka rangi, kakitazama, halafu akacheka. Skuwahi kumuona baba anacheka vile, akicheka na meno ya nyuma yanaonekana. Akanipandisha mabegani na viatu vyangu na matope yake, kanzu ikaharibika, tukarudi hivo hivo mjini watu wanatuangalia. Mama alipofua ile kanzu haikutakata tena, baba akaendelea kuivaa.

Baba kashatangulia, Mungu amrehemu. Amina semeni.

Baada ya hapo Idi ikaondoka kwenye masika ikaenda zake. Mwaka 2000 ilikuja mara mbili, Januari na tena Disemba mwishoni, mie nlikuwa kigori nkadai magauni mawili nkapata moja na maneno mengi. Mwaka 2010 ilikuwa Septemba, karafuu ziko juani kwenye majamvi, tukikaa kuchambua makonyo huku tunapangana nani anatoka na nani jioni, mikono inanuka karafuu hata hina haikusaidia. Mwaka 2016 ikaja Julai, upepo wa kusi, baridi ile yetu sie ya kuvaa fulana mbili na kusema tunakufa. Kila moja ilikuwa na ladha yake kwa vile msimu wake ulikuwa mwengine, na mie nlikuwa siitambui hiyo, nadhani sikukuu ni sikukuu tu.

Haya, tuje mwaka huu. Zaka ya fitri tukaipima mapema, mchele kilo mbili na nusu na kitu kwa kila kichwa, na mjukuu mdogo wa bi mkubwa akauliza na mimi nina kichwa, akaambiwa ndio, akafurahi kupita kiasi. Sala ikasaliwa, tambi za sukari na nazi zikaliwa, mkate ukakatwa (bibi kamkatia kila mtu kwa rula ya macho yake), watoto wakatoka na wenzao kudai mkono wa Idi nyumba kwa nyumba. Skuhizi ukimpa mtoto mia mbili anakutazama kama umemkosea, mia tano ndo anashukuru, elfu moja anakuita shangazi hata kama humjui. Fundi wangu wa cherehani, simtaji, kanipa gauni langu saa mbili ya usiku wa sikukuu na mkono mmoja haujatiwa lastiki, nkavaa hivo hivo na mtandio juu nani ataona.

Jioni tukaenda kiwanjani Mnazi Mmoja. Wajuao wanajua, ukiingia tu unapokewa na moshi wa mishkaki, mabaluni, bastola za maji, saa za plastiki, wasichana wa madrasa wa jana leo wanja mpaka masikioni, daladala zinapiga honi, na kila mtu amepotezana na mtu. Mvua ilikuwa imekatika lakini chini kumelowa. Na mimi macho yangu kwenye viatu vyeupe vya mwanangu wa kiume, nlivinunua kwa bei ambayo mume wangu hajaambiwa mpaka leo. Karibu na bembea nkasikia "Mama!" na hiyo sauti mzazi anaijua. Mguu uko juu, soksi tu.

Ningekuwa mie wa mwaka jana angelipata lake. Mdomo nshaufungua. Nkamuona bi mkubwa kasimama pale na mkoba wake kaubana kwapani, kanitazama, hakusema neno. Nkakunja gauni la fundi, nkachutama, nkatia mkono kwenye tope la baridi natafuta kiatu, na nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu mpaka watu wakanipisha. Kiatu kimepatikana. Weupe wake haukupatikana. Mabegani skumpandisha, ana miaka kumi na uzito wa gunia la mbata, baba yake ndo alombeba.

Leo sasa tukampeleka bibi Forodhani. Kakaa ukutani na glasi ya juisi ya miwa ya ndimu na tangawizi, anawatazama vijana wanapiga makachu, wanakimbia, wanajirusha baharini na mbwembwe, na kila anayeruka bibi anasema "mama yake huyu yupo?" Pizza akaonja kipande akasema hii chapati ya mayai imesingiziwa. Urojo akaupenda. Bei ya pweza akaiuliza mara mbili kisha akasema tuondoke, kwao kwa hela hiyo analeta mvuvi mlangoni. Hakuna kikubwa tulichofanya, tumekaa masaa mawili tumekula vitu vya kwenye sahani za karatasi, lakini wajukuu wamelala wanaigiza sauti yake.

Naomba niseme na hili mnisamehe. Kuna ndugu zangu nawaona kwenye stetasi tangu mwezi haujaandama wanapimana, nani kabadilisha sofa, nani kaenda Dubai, nani ana sare na watoto wake mpaka mume, na wengine najua wamekopa, maana nilokopwa ni mie! Sikatai kupendeza, Idi watu wapendeze wanukie udi. Lakini mie nikijiuliza nakumbuka nini katika sikukuu zote za umri wangu, gauni sikumbuki hata moja isipokuwa lile la matabaka, na lenyewe kwa ajili ya tope. Nakumbuka kuvunja jungu mwishoni mwa Shaaban, tumejibana kwenye gari ya kukodi na sufuria la pilau limefungwa shuka lisimwagike, tunakwenda mandari Mangapwani, ami yangu anaimba taarab ya sauti mbaya. Nakumbuka mume wangu kabla hatujawa na gari, alikuwa kila Jumaapili jioni akija na vespa ya kuazima tunakwenda mpaka Bububu, tunakula muhogo wa kuchoma, tunarudi. Ndo imeisha. Matembezi yenyewe shilingi ngapi? Na hiyo Jumaapili haisubiri mwezi uandame.

Basi kwa mliofiwa mwaka huu na sikukuu ya kwanza mnaila na kiti kitupu, Mungu awape subira, sie kwetu kiti hicho kina miaka tisa na bado mtu anakikwepa kukalia. Kwa wagonjwa, shifaa. Walo mbali, Maskati, London, Dar, hata Wete mkiona mbali, piganeni simu na wazee, na muwape muda wa kusema maana wakishika simu wanaanza na habari za mbuzi kwanza. Wanaotaka kufunga sita za Shawwal watanambia tuanze pamoja, peke yangu siwezi nitakula.

Bi mkubwa anaondoka na boti la Jumaatano. Kesho sikukuu tatu tuko nyumbani mchana kutwa, hatutoki, mvua ikinyesha isinyeshe, na anamimina mkate mwengine alfajiri. Anayetaka kuja aje kabla ya adhuhuri, alokuja nyuma ya hapo atakuta njukuti. Na mtu yeyote anayejua viatu vyeupe vinatakaswa vipi tope la Mnazi Mmoja aje nayo hiyo dawa, kabla mwenye nyumba hajauliza bei.