Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Yatakayofika Mbele ya Baraza la Jiji na Nafasi ya Chama Chetu

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wakazi inamtaka mwenyekiti atoe taarifa mbele ya mkutano mkuu kila mwaka. Taarifa ya safari hii inatofautiana na zilizotangulia, kwa sababu tangu nilipochaguliwa kuwa diwani nimekuwa nikishika nafasi mbili kwa pamoja, na maswali mengi mnayoniletea sasa yanahusu shughuli za jiji kuliko za chama. Nimeona ni haki nianze na mambo yatakayofika mbele ya baraza katika mwaka ujao, kisha nizungumzie nafasi hizo mbili, ambazo kwa maoni yangu hazifai kuendelea kushikwa na mtu mmoja.

Kabla sijaingia barazani niliamini kwamba uamuzi hufanyika siku ya kikao cha madiwani wote. Sivyo ilivyo. Mambo mengi hufika siku hiyo yakiwa yamekwisha kuchambuliwa na kamati, na madiwani ambao si wajumbe wa kamati hiyo huipokea taarifa yake kwa imani kwamba wenzao wamefanya kazi. Barua yetu kuhusu taa za barabarani ilifika baada ya kamati kufunga mjadala: ilisomwa, ikashukuriwa, ikahifadhiwa kwenye faili. Kosa hilo lilikuwa langu, kwa kuwa nilisubiri tangazo la kikao cha baraza badala ya kufuatilia ratiba ya kamati. Yote ninayoeleza hapa chini yanalenga kuhakikisha kwamba kosa hilo halirudiwi, yaani maoni yetu yafike wakati rasimu ingali rasimu.

Jambo la kwanza ni bajeti. Idara huanza kuandaa makadirio yao miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha, na sehemu kubwa ya fedha hizo huwa imekwisha kupangiwa kazi hata kabla diwani hajafungua kitabu cha makadirio: kuna mishahara, marejesho ya mikopo na mikataba ya huduma inayoendelea. Kinachobaki kwa mjadala wa kweli ni fungu la maendeleo na matengenezo, na kwa masikitiko yangu, fedha zinapopungua matengenezo ndiyo hukatwa mwanzo, maana mtaro uliozibuliwa hauonekani kama jengo jipya linavyoonekana. Jiji la Porto Alegre nchini Brazil lilianzisha mwaka 1989 utaratibu wa wakazi kukutana katika maeneo yao na kupanga vipaumbele vya uwekezaji kabla bajeti haijapitishwa, na majiji mengine mengi yameufuata, Paris ikiwa miongoni mwayo tangu 2014. Jiji letu halina utaratibu huo. Hata hivyo hakuna kanuni inayotuzuia kukutana wenyewe mapema, tukakubaliana juu ya vipaumbele visivyozidi vitatu na kuviwasilisha kwa maandishi katika kamati ya fedha. Nasisitiza idadi hiyo, kwa sababu orodha ya mambo ishirini humwachia mtaalamu wa idara uhuru wa kuchagua lililo jepesi kwake.

Jambo la pili ndilo lililowatia wanachama wengi wasiwasi, nalo ni orodha mpya ya uthamini wa majengo. Wapo wanaodhani kwamba thamani ya nyumba ikipanda mara mbili, kodi nayo lazima ipande mara mbili. Kodi hutokana na vitu viwili: thamani iliyoandikwa kwenye orodha na kiwango ambacho baraza hukiweka. Tuchukue nyumba yenye thamani ya 100 inayotozwa asilimia 2. Kodi yake ni 2. Ikiwa thamani za majengo yote ya jiji zitapanda mara mbili na baraza likashusha kiwango hadi asilimia 1, nyumba hiyo yenye thamani mpya ya 200 itaendelea kulipa 2, na jiji litakusanya kiasi kilekile. Nyumba ambayo thamani yake imepanda mara tatu wakati nyingine zimepanda mara mbili itatozwa 3, na ile ambayo thamani yake haijabadilika itatozwa 1. Kwa hiyo uthamini mpya, peke yake, hugawa upya mzigo miongoni mwa walipaji. Mzigo wote huongezeka pale ambapo thamani zimepanda na baraza likaacha kiwango kibaki palepale, au likakishusha kidogo tu.

Kutokana na maelezo hayo, kuna milango miwili tofauti ya kubisha. Mwenye nyumba anayeona kwamba thamani yake imekosewa anapaswa kuwasilisha pingamizi kwa utaratibu wa uthamini na ndani ya muda uliotangazwa, akionyesha kosa lenyewe: eneo lililopimwa vibaya, ghorofa iliyohesabiwa ilhali haipo, au nyumba ya kuishi iliyoandikwa kuwa ya biashara. Kulalamika kwamba kodi ni kubwa hakutamsaidia hapo, kwa kuwa mthamini hana mamlaka juu ya kiwango. Suala la kiwango ni la kamati ya fedha na baadaye la baraza, na hapo ndipo chama kinapaswa kusema kwa sauti moja. Mimi binafsi naunga mkono kiwango kishushwe kulingana na ongezeko la thamani, na baraza likihitaji fedha zaidi liseme wazi ni kiasi gani na kwa kazi ipi. Naunga mkono pia nafuu kwa wazee wanaoishi katika nyumba ambazo thamani yake imepandishwa na maendeleo ya jirani wakati kipato chao kimebaki kilekile au kimepungua.

Jambo la tatu ni mapitio ya mpango kabambe wa jiji, yaani hati inayoelekeza matumizi ya ardhi na ujenzi kwa miaka ijayo. Hati hii ni ndefu, na ramani zake ni ngumu kusoma, lakini hudumu muda mrefu kuliko uongozi wa diwani yeyote. Nawaomba mtazame zaidi maeneo yanayopendekezwa kuruhusiwa majengo marefu. Sipingi jiji kukua kwenda juu. Linaweza kuokoa ardhi na kuwasogeza watu karibu na usafiri na kazi zao. Ninachotaka kijibiwe kwanza ni uwezo wa miundombinu iliyo chini ya ardhi. Bomba la majitaka lililowekwa kwa ajili ya familia chache halipanuki kwa sababu kibali cha ujenzi kimetolewa, na kila ua unaofunikwa kwa zege hupunguza ardhi ya kunyonya maji ya mvua, hivyo maji mengi zaidi huteremka kwa kasi zaidi kwenye mitaro ileile. Anayejenga juu ya mteremko huenda asione athari hiyo kamwe, ilhali anayeishi bondeni huiona sebuleni kwake.

London iliishi na uchafu wa mto Thames kwa miaka mingi, kipindupindu kikiua maelfu ya watu, na bunge likachukua hatua ya haraka katika kiangazi cha 1858, harufu ya mto ilipofika kwenye vyumba vyake. Nayataja hayo kwa sababu nami nimeona jinsi ilivyo rahisi kwa waliokaa mbali na tatizo kuliahirisha. Pendekezo langu ni kwamba chama kiombe sharti moja liandikwe ndani ya mpango wenyewe: ongezeko lolote la urefu au msongamano wa majengo liambatane na tathmini ya mitaro na majitaka hadi mwisho wa mkondo, si mbele ya kiwanja peke yake.

Mkataba wa ukusanyaji wa taka nao unakaribia kutangazwa upya. Hapa nina hoja moja tu. Mkandarasi akilipwa kwa idadi ya safari, gari lililojaa nusu hulipwa sawa na lililojaa. Akilipwa kwa uzito, hupata sababu ya kubeba mchanga na kifusi na kuacha taka nyepesi. Njia zote mbili zinahitaji mizani inayoaminika, ukaguzi wa mitaani na adhabu zinazotekelezwa, na hayo yasipoandikwa kwenye zabuni ni vigumu mno kuyadai baadaye.

Kuhusu chama chenyewe, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma.

Namalizia na nafasi yangu. Barua ya chama inapofika kamatini, aliyeisaini na anayeipigia kura sasa ni mtu mmoja. Nikitangaza mgongano wa maslahi na kutoka nje, kata yetu hukosa kura katika jambo linaloihusu moja kwa moja. Nikibaki, wenzangu wana haki ya kuuliza ninamwakilisha nani, kwa kuwa katika kata wapo wakazi wengi ambao si wanachama na wengine wanapinga msimamo wetu. Zaidi ya hayo, chama kinahitaji mwenyekiti anayeweza kumkosoa diwani hadharani. Kwa sababu hizo sitagombea tena uenyekiti, na makamu mwenyekiti atasimamia uchaguzi wa leo. Nimemkabidhi katibu majalada yote ya barua, mihtasari ya vikao na ratiba ya kamati za baraza kwa mwaka ujao, ikionyesha siku ya mwisho ya kupokea maoni kwa kila jambo nililolitaja.

Naomba taarifa hii ipokelewe na kujadiliwa.