Joistiki yako si mbovu: kwa nini kindege chepesi kinakusumbua nyumbani

Kila Jumamosi hatukosi mmoja. Anaingia karakanani na joistiki, fimbo ya kurushia ndege za kwenye kompyuta, ndani ya boksi lake la dukani, anaiweka mezani taratibu kama mtu aliyeleta mgonjwa, kisha anasema: “Fundi, hii imekufa. Ndege inayumba yenyewe.” Tunaichomeka kwenye kompyuta yetu, tunaisukuma pande zote na kutazama namba zinavyopanda na kushuka kwenye skrini. Mara nyingi haina ugonjwa wowote. Ukiiachia inarudi katikati na kutulia kama maji ya mtungini. Mteja anatutazama kwa jicho la kutuuliza kama tumesomea hii kazi.

Hapo ndipo tunapomuuliza, “Kaka, unarusha ndege gani?” Jibu karibu lote tunalijua. Amerusha Boeing 737 miezi na miezi, Dubai ametua, London ametua, mambo safi. Juzi akajaribu kindege kidogo, ICON A5 au Flight Design CT au Savage Cub, vile vinavyokuja ndani ya Microsoft Flight Simulator, simuleta (programu ya kuigiza urushaji wa ndege), na “ubovu” ukaanza siku hiyo hiyo. Makala hii tunamwandikia huyo, kabla hajatumia pesa kununua joistiki ya pili.

Kwanza ajue amepanda chombo cha namna gani. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilipoanzisha daraja la ndege nyepesi za burudani mwaka 2004 iliweka mipaka mikali: uzito wa kuruka usizidi kilo 600 (zile za kutua majini kilo 650), viti visizidi viwili, injini iwe moja, na mwendo wa kunyoosha usipite noti 120. Noti hizi ni za mwendo, si za benki. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Mwaka 2025 Marekani imeilegeza mipaka hiyo, lakini vindege tunavyovizungumzia vilichorwa chini ya ile ya zamani. Kilo 600 maana yake ndege, watu wawili, mafuta na begi lao. Toyota IST tupu, haina hata dereva, inakaribia tani 1.

Sasa linganisha. 737-800 iliyojaa ina tani 79 juu ya mabawa ya mita za mraba 125 hivi, kwa hiyo kila mita ya bawa imebeba zaidi ya kilo 600. CT ina mabawa ya mita za mraba 10, na kila mita imebeba kilo 60. Mara kumi pungufu. Upepo ambao 737 inaupita bila habari, CT inaupokea kama ngalawa inavyopokea wimbi la boti ya Zanzibar. Ukiona pua inapanda na kushuka mchana wa jua kali juu ya nchi kavu, simuleta inafanya kazi yake vizuri. Jaribu tena saa 12 na nusu asubuhi (06:30) kwa saa ya simuleta. Kama utulivu umerudi, joistiki yako haina kosa.

Hata hivyo, tusimwonee mteja. Lipo jambo moja ambalo nyumbani linazidisha uzito wa tatizo, nalo ni urefu wa joistiki. Kwenye ndege halisi fimbo ya rubani ni ndefu, mkono unasafiri umbali wa kutosha kabla ndege haijageuka sana. Ya mezani ni fupi, kidole kikitetemeka kidogo tu, kompyuta inasikia amri kubwa. Dawa yake haiuzwi dukani. Kwenye mipangilio ya Microsoft Flight Simulator, sehemu ya unyeti (sensitivity), anza na -30 kwa mhimili wa pua na ule wa mabawa, ujaribu, kisha uongeze au upunguze. Mstari utajikunja: katikati unakuwa mpole, pembeni unabaki na nguvu zote. X-Plane, simuleta nyingine, nayo ina mpangilio wa namna hiyo. Tunachokutana nacho kwa wateja ni kinyume chake: mtu amepanua eneo tulivu la katikati, lile ambalo ukisogeza mkono ndege haisikii, akidhani anatibu mtikisiko. Matokeo yake anasukuma, kimya, anasukuma tena, kimya, halafu ndege inashtuka yote mara moja. Kama joistiki ni nzima, eneo hilo liwe dogo kabisa au lisiwepo.

Joistiki mbovu kweli zipo, na Dar es Salaam ina vumbi. Zile zinazotumia vipimo vya kusuguana ndani huchakaa, na namba zake hucheza hata mkono ukiwa umetoka. Hizo tunasafisha au tunakwambia ukweli kwamba zimefika mwisho. Zenye vipimo vya sumaku, kama T.16000M ya Thrustmaster, hudumu zaidi kwa sababu hakuna kinachosuguana.

Lalamiko la pili: “Nikiongeza moto inakimbilia kushoto, inataka kutoka barabarani.” Ni kweli, na inatakiwa ifanye hivyo. Kwenye ndege hizi, zile zenye pangaboi puani kama CT na Savage Cub, pangaboi, ukilitazama kutoka kiti cha rubani, linazunguka kama mshale wa saa. Upepo wake unajizungusha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia ubavuni, na pua inapokuwa juu upande wa kulia wa pangaboi unavuta kuliko wa kushoto. Jumla ya yote hayo ni pua kwenda kushoto. Rubani anajibu kwa mguu wa kulia, kwa usukani wa mkia. (Wenyewe wanauita rada, sisi dukani tumeliacha jina hilo, maana mteja mmoja alidhani tunamuuzia mtambo wa kuonea ndege za jirani.) Asiye na pedali anaweza kutumia joistiki inayozungushwa kifundo. Simuleta pia ina msaada wa kukanyaga kwa niaba yako. Mwezi wa kwanza uuache, mwezi wa pili uuzime. Ukiwa na bajeti ya kifaa kimoja tu baada ya joistiki, kiwe pedali. Ndege nyepesi inarushwa kwa miguu, na hili tunalisema hata kwa anayetaka kununua skrini kubwa, ingawa skrini ndiyo ina faida nzuri kwetu.

Tunakuja kwenye injini, sehemu ambayo kwa kweli tunaipenda.

Nyingi za ndege hizi zinatumia Rotax 912, injini ndogo kutoka Austria, silinda nne. Aina yake maarufu ina farasi 100 kutoka ujazo wa lita 1.35 tu, tofauti na Cessna 172 ambayo injini yake inazidi lita 5. Farasi hao wanapatikana kwa mzunguko: mwisho wake ni 5,800 kwa dakika, na 5,500 unaruhusiwa kuukalia muda wote. Mteja aliyezoea Cessna, ambako mstari mwekundu uko 2,700, anaona mshale umegota 5,000 na anarudisha wenzo wa nguvu haraka asije akaua injini. Ndege inazama, naye anatupigia simu kusema ndege haina nguvu. Kaka, injini iko salama. Kati yake na pangaboi kuna giaboksi inayopunguza mzunguko mara 2.43, kwa hiyo injini ikiwa 5,000 pangaboi liko 2,060 hivi. Acha ilie, ndiyo sauti yake.

Na wenzo mwekundu, ule wa kuchanganya mafuta na hewa? Kwenye Rotax haupo. Kabureta zake zinajirekebisha zenyewe ndege inavyopanda, na aina ya 912 iS iliyomo kwenye ICON A5 inapuliziwa mafuta kwa kompyuta. Hapa tunakiri kosa letu. Miaka ya mwanzo tulimuuzia kijana mmoja kwadranti (boksi la wenzo za injini) ya wenzo tatu, akafunga, akakaa wiki nzima akiusogeza ule mwekundu bila kuona kinachobadilika. Alirudi amekasirika, na alikuwa na haki: pangaboi la CT yake lilikuwa la pembe isiyobadilika angani, kwa hiyo hata wenzo wa bluu, ule wa kubadili pembe hiyo, ulikuwa pambo. Tuliichukua tukamrudishia pesa. Tangu siku hiyo swali la kwanza dukani ni ndege unayotaka kurusha, kifaa kinafuata. CT halisi hata breki za vidole vya miguu haina. Ina mkono mmoja wa breki katikati, unakamata magurudumu yote mawili pamoja. Pedali rahisi zinatosha.

Kutua ndiko kunakoharibu urafiki. “Inaelea tu, haitaki kukaa chini.” Tunaomba atuonyeshe, na tunakuta anaikaribia barabara ya kutulia kwa noti 70 wakati CT inataka kama 55 ikiwa imeshusha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa. Noti 15 zinaonekana chache. Lakini nishati ya mwendo inakua kwa mraba: 70 mara 70 ni 4,900, na 55 mara 55 ni 3,025. Umebeba zaidi ya mara moja na nusu ya nishati unayoihitaji, ndani ya chombo chepesi, laini, kisicho na kitu cha kukizuia hewani. Itaelea mpaka iimalize. Ukiilazimisha chini inadunda, na ukivuta kwa hasira baada ya kudunda, bawa linaacha kubeba na unashuka kama embe. Punguza mwendo mapema, ukiwa bado mbali, kisha karibu na ardhi inua pua kidogo kidogo na umwachie ndege aamue saa ya kukaa.

Mazoezi tunawapangia hivi. Anza Zanzibar, uwanja wa Abeid Amani Karume, usawa wa bahari, barabara ya zaidi ya kilomita 3. Hata ukielea kama tiara utaikuta bado iko chini yako. Ukishaweza, hamia Arusha. Uwanja ule uko futi 4,500 na kidogo, na simuleta inajua hivyo. Siku ya nyuzi 25 hewa yake ni nyembamba kama ya futi 6,800, injini yako ya farasi 100 inabaki na 80 hivi, na noti 55 unazosoma kwenye saa ya mwendo ni karibu 61 kwa hewa ile. Utaona ardhi inakimbia na utashawishika kupunguza zaidi. Usipunguze, amini saa, macho yanadanganya. Ukiruka kutoka hapo pia hakikisha flapu za CT hazikubaki kwenye nyuzi -6, nafasi ya kukimbilia angani, maana utaimaliza barabara. Mlima Meru upo kaskazini mashariki, utakaa pale pale.

Kuhusu programu: mwenye intaneti ya bando afikirie X-Plane 12, ambayo ramani zake zinakaa kwenye diski. Microsoft inavuta picha za ardhi mtandaoni, na toleo la 2024 linategemea mtandao kuliko lile la 2020. Na funga UPS. Umeme ukikatika katikati ya kutua ni kero, diski ikifa ni hasara.

Watu wanatuuliza pia kama saa za nyumbani zinahesabika kwenye leseni. Hapana. Saa zinazohesabika ni za mitambo iliyothibitishwa na mamlaka ya anga, chini ya mwalimu.

Kupima joistiki na pedali ni bure, na ikiwa nzima tunakurudishia pamoja na mipangilio tuliyokuwekea kwenye flashi. Njoo na kifaa chenyewe, jina la ndege unayorusha, na picha ya kiti na meza yako ikipigwa kutoka ubavuni. Picha hiyo tunaihitaji kweli: mteja wa wiki iliyopita alikuwa anatua futi kadhaa juu ya ardhi kila mara, na tatizo lilikuwa kamera ya simuleta aliyoishusha mpaka haoni barabara kwa sababu ya dashibodi.