Asante, kaka wa lori la kabichi

Kaka yangu, jina lako silijui, wala namba ya gari sikuiangalia. Najua tu ulikuwa unapakia kabichi kwa jirani yangu hapa Lushoto, alfajiri ile ya baridi ya Julai, uliposikia napiga kelele.

Bomba linaloshuka kutoka kwenye simtanki lilikuwa limepasuka. Vyumba vyote sita vya nyumba yangu ya wageni vina watu, maji yanaingia ukumbini, wageni wawili wanawahi basi la Dar es Salaam, nami nimeshika ndoo huku chapati zinaungua jikoni. Uliingia bila kuuliza utalipwa nini. Ukafunga koki, ukakata kipande cha tyubu ya tairi, ukalizungushia bomba na kukaza kwa waya, ukafungua maji tena. Kisha ukanisaidia kukausha sakafu. Hapo ndipo nilipotokwa na machozi, maana wengi hudhani kazi ya nyumba ya wageni ni kutandika vitanda na kupokea pesa. Wewe ulishika tambara, ukapiga magoti kando yangu.

Fundi alikuja siku ya tatu. Mpira wako ulikuwa haujavuja hata tone.

Hata chai ya tangawizi uliikataa, ukisema mzigo unachelewa kushuka Mombo. Kaka, deni lako ninalo. Ukipita tena huku, chumba cha mbele chenye blanketi mbili ni chako, na chapati zitakuwa za moto. Mungu akulinde kwenye zile kona za kushuka Mombo.