Barua kwa Baba: kuhusu uwanja waliotaka kuuleta mjini

Kansas City, Missouri
Jumapili, 7 Aprili 2024

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini Pasaka mliila salama na goti la Mama limetulia, maana najua mvua za mwezi huu zinavyomsumbua. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wenu ametimiza miaka tisa, ameng'oka jino jingine, na anasema bibi amwekee kuku yule mwenye madoadoa asichinjwe mpaka aje amwone.

Baba, uliponipigia wiki iliyopita kuhusu yule dalali anayezungukazunguka kiwanja chetu cha Olmoti, hapo Arusha, karibu na panapotarajiwa uwanja mpya wa mpira, nilikukatiza. Nilikuwa kazini, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Nilisema nitaandika, na ndiyo haya. Naituma kwa simu ya kaka, akusomee polepole, kwa sababu jibu langu linapitia mbali kidogo kabla ya kufika Olmoti.

Jumanne tarehe 2 nilipiga kura. Ni ya kwanza tangu nilipoapa uraia wa hapa, na nilikuwa nikidhani kura yangu ya kwanza itakuwa ya kuchagua mtu. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya kiwanja cha michezo.

Nikueleze. Mji huu una timu ya besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, inaitwa Royals. Uwanja wao, Kauffman, ulifunguliwa mwaka 1973, uko kama kilomita 13 mashariki ya mjini, karibu na makutano ya barabara kuu mbili. Jirani yake ni Arrowhead, uwanja wa Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani. Ukitoka hapo hukuti duka wala genge. Ni lami ya maegesho ya magari mpaka macho yachoke. Ila ndani ni pazuri, Baba. Nyuma ya uwanja kuna maji yanayorushwa juu, na usiku yanapigwa taa. Kila mwaka nampeleka mwanangu mara mbili tatu, tunakaa viti vya juu vya bei nafuu, na yeye haangalii mpira, anaangalia maji.

Mwenye timu, John Sherman, aliandika barua ya wazi Novemba 2022 kwamba wanataka kuhamia katikati ya jiji. Uwanja pamoja na majengo ya kuuzunguka, yaani maduka, ofisi, nyumba na hoteli, vingegharimu dola bilioni 2. Sababu waliyotoa ni kwamba zege la Kauffman limeanza kuoza kwa ndani, na kwamba uwanja wa mjini unaleta uhai mjini.

Sasa nikwambie ukweli wa moyo wangu. Mimi nilifurahi. Nilikumbuka uwanja wetu wa Arusha, Sheikh Amri Abeid. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono tukitoka stendi kwa miguu, harufu ya mishkaki inatuanza kabla hata ya kelele za watu, na mama wa karanga aliyekuwa anakufahamu kwa jina. Mechi ikiisha watu wanamwagika mjini, kila mwenye kibanda anapata chake. Uwanja uliomo ndani ya mji ni kitu ninachokijua kwa miguu yangu. Watu wa hapa wamekizoea cha kuendea kwa gari, wakanunulie humohumo ndani, warudi kwa gari. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, subirini muone.

Na huku pia iliwahi kuwa hivyo. Zamani uwanja wa mji huu ulikuwa Municipal Stadium, kwenye kona ya mtaa wa 22 na Brooklyn, katikati ya makazi ya watu weusi. Hapo walicheza Monarchs, timu ya weusi ya enzi za ubaguzi, ambayo Jackie Robinson aliichezea mwaka 1945 kabla ya kwenda kuvunja ule ukuta wa ubaguzi kwenye ligi kuu. Royals wenyewe walianzia hapo mpaka 1972. Ulibomolewa 1976. Kuna makumbusho ya timu za weusi mtaa wa 18, nimempeleka mwanangu, na siku moja Mungu akipenda nitawapeleka nanyi.

Kwa muda mrefu wenye timu walikuwa wanazungumzia sehemu mbili. Moja ipo upande wa mashariki wa mjini, ambako sehemu kubwa ni maegesho ya magari tu. Nyingine ipo ng'ambo ya mto, kaunti ya jirani. Michoro ya sehemu hizo ilitolewa Agosti mwaka jana. Watu wakabishana kuhusu hizo, redioni, kanisani, kwa kinyozi. Halafu tarehe 13 Februari mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki saba kufika siku ya kura, wakatangaza sehemu ya tatu: Crossroads.

Crossroads ndiko ninakofanya kazi.

Ni mtaa wa maghala ya zamani ya matofali mekundu. Miaka mingi yalikaa matupu, kisha wachoraji wakaanza kuyapanga kwa sababu kodi ilikuwa ndogo, wakafuatwa na wapishi, wachapaji, watengeneza bia. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi milango yote huwa wazi na watu wanatembea kutoka ghala hadi ghala kutazama picha. Ndani ya eneo walilolichora kuna jengo kubwa la vioo lililokuwa kiwanda cha kuchapia gazeti la Kansas City Star, ambalo limekaa kimya tangu uchapaji uhamishwe mwaka 2021. Kulijenga upya hilo hakuna aliyekuwa na neno. Lakini mchoro haukuishia kwenye jengo hilo.

Asubuhi iliyofuata bosi wetu alikuja na ramani aliyoichapisha kutoka intaneti. Akaitandaza juu ya meza ya kukandia, juu ya unga, sote tukainama. Akafuata mstari kwa kidole: kaskazini Truman Road, kusini mtaa wa 18, magharibi Grand, mashariki Locust. Kama ekari 17. Kidole chake kikaacha njia nyeupe ya unga kwenye karatasi. Bekari yetu iko ng'ambo ya Locust. Tulikuwa nje kwa upana wa barabara moja.

Hakuna aliyeshangilia. Wakati huohuo aliingia jamaa mwenye mgahawa wa kahawa wa upande wa pili, anayekuja kila siku saa kumi na mbili kuchukua mikate. Alisimama na trei yake mkononi akaitazama ramani ile, akauliza mkataba wake wa pango una miaka minne bado, je, unakwenda wapi? Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Akalipa, akatoka. Trei aliisahau mezani, na nilimfuata nayo barabarani.

Baada ya hapo mji mzima ulikuwa mikutano. Nilikwenda miwili. Wafanyakazi wa ujenzi walikuja na fulana za vyama vyao wakasema wanataka kazi, na hawakukosea kutaka kazi. Chama cha wapangaji, KC Tenants, kilisema watu wanafukuzwa kwenye nyumba kwa kodi kubwa huku fedha za umma zinatafutiwa matajiri. Bibi mmoja wa kanisani kwetu alisimama akaeleza jinsi nyumba ya wazazi wake ilivyochukuliwa kwa ajili ya barabara kuu namba 71. Barabara hiyo iling'oa maelfu ya watu upande wa mashariki, wengi wao weusi, na ilichukua miongo kukamilika. Alisema wakati ule pia waliletewa mchoro mzuri. Alipokaa, ukumbi ulinyamaza kwa muda.

Maswali yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa, Baba, maswali ambayo wewe ungeuliza kwa mtu anayekuja kuchimba msingi karibu na ukuta wako. Magari yatakaa wapi? Maji taka yatapita wapi? Nani atalipa gharama zikizidi? Barabara ya Oak, inayokatiza katikati ya eneo lile, itafungwa au haitafungwa? Mwanzoni mchoro ulionyesha uwanja umekaa juu yake. Siku chache kabla ya kura wakasema basi, Oak itabaki wazi. Makubaliano ya kuwanufaisha wananchi nayo yalitangazwa siku hizohizo za mwisho, na baadhi ya waliokuwa wakiyadai wakasema hayatoshi. Fikiria kwamba hapa kuna kura za mapema, na zilikuwa zimeshaanza. Aliyepiga kura yake mapema mwezi Machi na aliyepiga tarehe 2 Aprili hawakujibu swali moja.

Na swali lenyewe lilikuwa la fedha. Tangu 2006 kaunti yetu ya Jackson inatoza kodi ya mauzo kwa ajili ya viwanja hivi viwili: senti tatu kwa kila dola nane unazotumia. Mke wangu alichukua risiti ya dola 80, akapiga hesabu, ikawa senti 30. Utasema ni kidogo. Kodi hiyo ndiyo iliyogharamia sehemu kubwa ya ukarabati wa Kauffman uliomalizika 2009, na inakoma 2031. Tulichoulizwa ni kuifuta na kuanza nyingine ya kiasi hichohicho, ya miaka 40, kwa uwanja mpya wa Royals na ukarabati wa Arrowhead, vyote katika swali moja. Miaka 40. Mwanangu angekuwa na miaka 49 ndipo imalizike. Na wachumi waliochunguza viwanja vya nchi hii kwa miaka mingi, wengi wao wanasema neno moja: fedha ya umma inayoingia huko hairudi. Mtu anayetumia dola 50 uwanjani ni yuleyule ambaye angezitumia mtaa mwingine wa mji huohuo.

Kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye nataka umjue. Anaitwa Frank White. Alikulia jirani na ule uwanja wa zamani wa Brooklyn. Kijana wa umri wa kubeba zege, akapata kibarua kwenye ujenzi wa uwanja unaoitwa leo Kauffman. Baadaye akaingia timu, akaucheza uwanja aliousaidia kuujenga kwa misimu 18, yote na Royals, na mwaka 1985 wakawa mabingwa. Sanamu yake iko palepale uwanjani. Huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kaunti yetu wakati wa kura hii. Januari, wajumbe wa baraza la kaunti walipopitisha swali hili liende kwa wananchi, alilipiga kura ya turufu, akisema makubaliano hayajaiva kwa mlipa kodi. Wajumbe wakaitengua kwa wingi wao. Walimsema sana. Mimi nilikukumbuka wewe, siku uliyokataa kuendelea kupandisha ukuta wa madarasa mpaka nondo zilizoandikwa zije, na mwenyekiti akakuita mkaidi mbele ya watu.

Nilisimama kwenye kile kibanda cha kura, kalamu mkononi, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwa kweli ninautamani uwanja mjini. Ninataka mwanangu atembee kwenda mchezoni akiwa amenishika mkono. Lakini nilijua kwamba nikiweka wino kwenye Ndiyo, maswali yote ya ule ukumbi yangejibiwa baadaye na watu ambao hawangenihitaji tena. Nikaweka Hapana. Usiku matokeo yakatoka: asilimia kama 58 walikuwa wamesema Hapana. Hii ni miezi miwili tu tangu Chiefs wachukue ubingwa wa nchi, mji mzima ukiwa umevaa nyekundu. Sasa kuna hofu kwamba timu zitahamia ng'ambo ya mpaka, jimbo jirani la Kansas, mkataba wa viwanja vya sasa utakapokwisha 2031. Hofu hiyo ninayo pia. Ikitokea nitaumia, na mwanangu zaidi.

Jumatano asubuhi yule jamaa wa kahawa alikuja saa yake ileile. Hakusema kitu kuhusu kura. Aliongeza mikate sita.

Basi, Olmoti. Baba, uwanja wa Arusha wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 mkataba wake umetiwa saini mwezi uliopita, na mimi ni wa kwanza kuufurahia. Nataka kuwaona Stars wakicheza hapo. Lakini huyo dalali anajua kitu, au anajifanya anajua. Msiweke saini kwenye karatasi yake yoyote, hata ile anayosema ni ya kuonyesha nia tu. Kaka aende kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha idara ya ardhi ya jiji, aulize barabara za kuingilia uwanjani zimepangwa kupita wapi, na aombe kuuona mchoro kwa macho yake. Akiambiwa njoo kesho, aende kesho. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, naomba uende wewe mwenyewe. Uliza kama ulivyokuwa ukiwauliza wale wa madarasa, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kama mwisho wake ni kuuza, tutauza tukijua tunauza nini.

Nimetuma laki tatu kwa namba ya kaka. Laki moja na nusu ni ya mpima, maana ule mpaka wa upande wa mfereji una jiwe moja tu ninalolikumbuka. Iliyobaki ni ya Mama na hospitali, na Mama asiigawe kwa watu. Ile hati ya mauziano ya mwaka 1994 itolewe kwenye sanduku, ipigwe picha pande zote mbili, nitumiwe.

Mjukuu wenu anauliza kama uwanja mpya wa Arusha utakuwa na maji yanayoruka. Nimemwambia babu atauliza mkutanoni.

Ni mimi mtoto wenu,
wa Kansas City