Kiwanja cha Jioni ni cha Nani? Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama, wazazi na makocha,

Mambo ya fedha yamo katika ripoti ya mhazini mliyogawiwa mlangoni, kwa hiyo sitayarudia. Taarifa hii ni ya watoto wanaocheza tenisi katika klabu zetu. Barua nyingi zilizofika kwenye kamati mwaka huu ziliuliza jambo lile lile: mwanangu atacheza wapi, na saa ngapi?

Wapi, tunajua. Saa ngapi ndiyo inayotushinda. Shule nyingi za Arusha na Moshi zinawaachia watoto kama saa tisa na nusu. Mpaka mtoto afike klabu na kubadili nguo, ni saa kumi. Saa kumi na moja wakubwa wanatoka kazini, na kwa desturi yetu mkubwa akitokea na raketi, mtoto anatoka kiwanjani. Ikifika saa moja hivi giza limeshaingia. Mtoto huyo ameambulia saa nzima, na robo yake ameimaliza akiokota mipira kwenye uzio. Hayo ni makombo ya jioni, na hayastahili kuitwa mpango wa vijana.

Kamati inapendekeza kila klabu itenge kiwanja kimoja kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kisiguswe na mtu mzima hata kama watoto waliofika ni wanne tu. Najua wapo watakaonuna. Lakini kiwanja kimoja kikitumiwa kwa akili kinabeba watoto kumi na sita, na nitaeleza namna yake, maana klabu mbili zimejaribu na moja ilikosea vipimo.

Kwa watoto wa chini ya miaka minane, kiwanja kidogo kina urefu wa mita 11 na upana wa mita 5 hadi 6. Sasa angalieni kiwanja chetu cha kawaida: upana wake, mistari ya wachezaji wawili wawili ikihesabiwa, ni mita 10.97. Yaani ukikilaza kiwanja kidogo kwa upande, mistari ya pembeni inakuwa ndiyo mistari ya nyuma, na huna haja ya kuichora upya. Kila upande wa wavu mkubwa unapata viwanja viwili vya upana wa mita 5.5, jumla vinne. Katikati funga kamba au mkanda kwenye viti, sentimita 80 kutoka chini. Kwenye sakafu ngumu chora mistari iliyobaki kwa chaki. Kwenye moramu weka vipande bapa vya tyubu ya gari, kwa sababu mkanda wa gundi haushiki kwenye vumbi. Klabu iliyokosea ilifunga kamba kwa urefu wa wavu wa wakubwa. Watoto wakawa wanabetua mipira juu kama wanaotungua maembe, na kocha akadhani tatizo ni mkono.

Kutoka hapo mtoto anakwenda kiwanja cha mita 18, kisha, akiwa na miaka tisa au kumi, kile kizima cha mita 23.77. Kila hatua ina mpira wake, kuanzia ulio mpole zaidi: mwekundu, wa machungwa, wa kijani, ndipo wa njano. Tangu Januari 2012 kanuni za kimataifa haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Wapo wanaosema mpira wa njano uliochoka ni sawa tu na wa kijani. Si kweli. Mpira wa kijani una gramu 47 hadi 51.5, na wa njano 56 hadi 59.4. Uliochoka unadunda chini lakini uzito wake haujapungua kiasi hicho, kwa hiyo mtoto anapata ubaya wa pande zote mbili: anainama kuufuata, kisha kiwiko ndicho kinachobeba uzito wake.

Tena sisi tuna tatizo ambalo wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga hawana. Kanuni zinatambua mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Moshi iko chini ya 1,000. Kopo lile lile la mipira linachezeka vizuri Moshi, huku Arusha mpira unaruka mpaka begani mwa mtoto na kutoka nje. Makocha wa Arusha, wanafunzi wenu wanapopiga nje mfululizo, angalieni kwanza kama kopo linasema mipira ni ya nyanda za juu, kabla ya kubadilisha namna mtoto anavyoshika raketi. Na msiwe na haraka ya kuwahamishia kwenye mpira wa njano. Kwa hewa yetu nyepesi, wa kijani unaweza kumfaa mtoto hata wa miaka kumi na moja.

Raketi: mtoto asimame wima, aiache ining'inie kando ya mguu. Kichwa cha raketi kinapaswa kugusa ardhi kwa shida. Kikiburuza, ni kubwa. Wazazi wananunua inchi 27 “aje akue nayo”, na ndiyo inayotuletea viwiko vinavyouma. Wavu mkubwa nao uwe sentimita 91.4 katikati. Wengi tunapima kwa kusimamisha raketi moja na kulaza kichwa cha nyingine juu yake. Hesabu hiyo ilitoka kwenye raketi za zamani, urefu wa inchi 27 na upana wa kichwa inchi 9. Vichwa vya leo vinakaribia inchi 10, hivyo wavu unazidi kwa sentimita mbili na nusu. Nunueni futi ya fundi.

Sasa mechi, ambapo naona tumezembea kuliko kwingine. Watoto wetu wanaacha tenisi wakifika miaka kumi na mbili, kumi na tatu, na wakiulizwa wanasema hakuna mechi. Wana haki. Tunafanya mashindano ya mtoano mara moja kwa mwaka. Mtoto anatoka Moshi, kilomita 80, anafungwa baada ya dakika arobaini, anakaa jukwaani na soda mpaka gari la kurudi. Badala yake tuweke makundi ya wanne kila baada ya wiki mbili. Kundi la wanne lina mechi sita, kila mmoja anacheza tatu. Seti iishie kwenye gemu nne kwa tofauti ya gemu mbili, ikifika nne kwa nne ichezwe taibreki, yaani gemu moja ya kuamua seti, na pointi zikilingana arobaini kwa arobaini ichezwe moja tu ya kuamua, mpokeaji akichagua upande. Mechi inachukua dakika 25 hadi 30, kwa hiyo viwanja viwili vinamaliza kundi kwa saa moja na nusu. Ratiba iwaepushe watahiniwa wa darasa la saba mwezi Septemba na kidato cha nne Novemba.

Wakati wa masika msilazimishe. Moramu mbichi ikikanyagwa huacha mashimo yanayokauka kama kwato za ng'ombe, na mpira ukiyapiga hauna adabu. Subirini mpaka kiatu kisiache alama, ndipo msawazishe kwa kuburuta na kupitisha rola.

Wasichana wanapungua haraka kuliko wavulana, na sababu moja ni ya aibu kwetu: choo hakina kitasa. Hilo halihitaji mfadhili.

Waokota mipira ni suala zito zaidi. Wachezaji na makocha wengi wa Afrika Mashariki walianzia huko, na baadhi ya watoto wenye macho makali kuliko wote tulionao wako nyuma ya uzio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo apewe kazi nyepesi tu isiyomkwaza shule. Klabu zilizo na waokota mipira wadogo ziwaondoe kazini na kuwaingiza kwenye kiwanja cha Jumanne, bila ada.

Kwa wanaotazama mbali, mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi yanaanzia miaka 13, madaraja yakipanda kutoka J30 hadi J500. Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, kwa hiyo njia kutoka ukanda huu ipo. Kinachotukwamisha mara nyingi ni makaratasi: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, pasipoti, namba ya mchezaji. Vianze kushughulikiwa mtoto akiwa na miaka 12. Mwaliko ukishafika, muda hautoshi.

Mkutano unaombwa kupigia kura pendekezo la kiwanja cha Jumanne na Alhamisi. Likipita, kila klabu iwasilishe kwa katibu ratiba yake na jina la mtu mzima atakayekuwepo uwanjani siku hizo, kabla ya tarehe 31 Januari.