Barua kwa mwanangu: umechukua nyusi, swali umeliacha

Mwanangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo naiitikia kabisa tusipoteze muda. Unaondoka Alhamisi. Nimeamua kuandika badala ya kusema kwa sababu nikisema utanijibu, ukinijibu nami nitajibu, halafu mama yako aingie katikati kama kawaida.

Neno langu ni moja. Mpigie mdogo wako kabla hujaondoka.

Ya sebuleni siku ile sirudii, ulikuwepo nami nilikuwepo. Ninachojua ni kwamba leo ni wiki ya tatu hamsemeshani, na ile hadithi yake, kurasa 40 za mwandiko wa mkono, iko chini ya godoro na mstari mwekundu umeukata ukurasa wa kwanza pembe hadi pembe. Nilimuuliza kulikoni. Akasema, "Dada anasema Daktari wa 12 asingenidanganya." Nikanyamaza, na nikinyamaza unanijua.

Sasa tuongee kuhusu huyo Daktari wako, yule msafiri wa nyakati wa Doctor Who ya BBC, mwenye sanduku la buluu, anayebadilika uso kila mwigizaji anapoondoka, maana naona ndiye amekuwa wakili wako kwa kila jambo.

Mimi mwanzoni sikumtaka, hilo halina siri. Nilishamzoea yule wa suti ya mistari na raba, nikamzoea na wa tai ya kipepeo, watu wa kukimbia na kucheka. Mara Agosti 2014 anatokea Peter Capaldi, mtu mzima wa miaka 56, lafudhi ya Glasgow, nyusi utadhani zinagombana zenyewe kwa zenyewe, hataki kukumbatiwa. Wewe ulimshika siku hiyo hiyo. Ulisema hatimaye tumepata stelingi asiyejipendekeza. Nilikucheka. Leo nakubali kwamba uliona mapema jambo ambalo mashabiki wengi walilifikia taratibu, wengine hadi alipokwisha kuondoka Krismasi ya 2017 ndipo wakaanza kusema hakuna aliyewahi kuicheza nafasi ile vile. Na ulikuwa bado mtoto wa shule. Jicho unalo, hilo hakuna wa kukunyang'anya.

Ila uliona nusu.

Chukua ile ya kwanza yake, Deep Breath. Wewe kila ukiitaja unataja yule mtu wa mitambo aliyeanguka kutoka angani, na kwamba hatukuambiwa kama alijirusha au Daktari alimsukuma. Naam, ni kali. Lakini simu je? Mwishoni kabisa Clara, msichana anayesafiri naye, anataka kumwacha, hamtambui tena, na simu inaita. Anayepiga ni yule kijana, yule yule wa kabla hajabadilika, anapiga kutoka kwenye saa zake za mwisho kumwombea mtu ambaye bado hajawa: huyo anayekuja anaogopa kuliko unavyodhani, msaidie. Na mzee mwenyewe amesimama pale pale, analalamika kwamba Clara anamtazama lakini hamwoni. Mkali wako, mwanangu, kazi yake aliianza kwa kuombewa kwa simu.

Wiki iliyofuata akamuuliza Clara kama yeye ni mtu mwema. Clara akasema hajui. Msimu mzima ukazunguka hapo, mpaka makaburini mwishoni alipojijibu kwamba yeye si mwema wala si mbaya, ni mjinga mwenye sanduku na bisibisi anayepita huku na huko akisaidia na kujifunza. Hiyo ndiyo iliyowashika mashabiki. Ukali kila mtu anao, hata mimi ninao. Wewe umechukua nyusi, swali umeliacha.

Umempigia?

Usinielewe vibaya. Hiyo kazi uliyopata ni kubwa na umeipata kwa jasho lako. Mama yako ameshawaambia watu ambao hata hatujuani nao. Watu 12 chini yako, katika umri huo! Mimi nilipopewa watu watano nilikuwa na mvi. Ndiyo maana naogopa. Juzi nilikusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako kwamba kiongozi anayetaka kupendwa hafai, na uliitamka kwa ile sauti, Kiskoti chote. Nikasema haya, watu 12 wamekwisha.

Ile ya treni unaitaja sana pia. Anayemwona yule mfu wa sanda ana sekunde 66 za kuishi, na Daktari, badala ya kumfariji anayekufa, anamhoji: amefanana vipi, anatembeaje, niambie upesi. Unasema huo ndio uongozi. Nakubaliana nawe mpaka hapo. Lakini malizia basi. Zamu ya yule binti ilipofika, Daktari aliyachukua machungu yake akajiwekea kichwani mwake ili kiumbe kimfuate yeye. Sekunde zile 66 za mwisho zilikuwa zake. Huwezi kuhoji wanaokufa kisha ukaruka hapo.

Utasema ndivyo Daktari wa asili alivyokuwa. Kweli, 1963, kipindi hakijatimiza hata mwezi hewani, William Hartnell ameinua jiwe juu ya mtu wa mapangoni aliyejeruhiwa, na si kwa kumtibu. Ila kulikuwa na Ian, msafiri mwenzake, akamshika mkono. Huko uendako nani atakushika mkono, ikiwa mmoja aliyekulia chumba kimoja nawe humpigii hata simu?

Na ukali mtupu walishaujaribu. Mwaka 1984 Colin Baker, Daktari wa 6, hadithi yake ya kwanza kamili, ndiyo kwanza amebadilika na akili haijatulia, anamkaba koo Peri, msichana anayesafiri naye. Hadithi yenyewe ndiyo iliyofunga msimu. Watazamaji wakabaki na picha hiyo mpaka Januari ya mwaka uliofuata. Mwaka 1985 kipindi kikasimamishwa miezi 18, na 1986 mwigizaji akaondolewa. Sisemi ni koo la Peri peke yake, wakubwa wa BBC walikuwa na yao. Na Baker mwenyewe kipaji anacho: alipopewa michezo ya sauti kuanzia 1999, Daktari yule yule akapata nafasi ya kuwa mkali na kuwa na moyo kwa pamoja, mashabiki wakamrudia, wapo wanaomtaja sasa miongoni mwa wawapendao. Hesabu mwenyewe kutoka 1984. Miaka 15. Mdogo wako asisubiri miaka 15.

Kabla sijasahau, bomba la jikoni limeanza tena kudondosha. Fundi aliyekuja alikaza kitu kisichohusika akaondoka na spana yangu. Ukipata muda Jumatano lishike wewe, mkono wako mwepesi. Na miwani ya mama yako uliyosema utaipeleka ikatengenezwe bado iko juu ya friji.

Turudi. Kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia kwa nini lilinigeuza nikaanza kumpenda yule mzee, maana ulidhani nimechoka kubishana. Ni ule uso. Capaldi alishatokea humo kabla, 2008, kama baba wa familia moja ya Pompeii siku mlima unalipuka. Daktari wa wakati ule alikuwa tayari anaondoka, mji wote unakufa, na Donna, msafiri mwenzake, akamlilia: si mji, mwokoe hata mtu mmoja. Akarudi, akaichukua familia ile. Miaka inapita, anapata uso mpya, nao ni wa yule baba. Mwaka 2015, anajitazama kwenye maji katika kijiji cha Waviking, ndipo anakumbuka ameutoa wapi na wa nini: umkumbushe kwamba kazi yake ni kuokoa watu. Wewe ulipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Uso mkali namna ile, kumbe ni wa baba mwenye watoto wawili.

Na kadi. Zile kadi ndizo nilizozipenda kuliko vitu vyote, kuliko hata ule ukuta wako. (Ukuta nao ni mkubwa, sibishi: mtu mmoja peke yake kwenye ngome, anaupiga kwa ngumi, anakufa, anaanza upya, miaka bilioni nne na nusu. Lakini alikuwa anaupiga kwa ajili ya nani, kama si Clara? Unasema hakuhitaji mtu. Asiyehitaji mtu angeupiga siku moja tu akasema siri mnazozitaka hizi hapa, nifungulieni.) Kadi Clara alimwandikia kwa sababu alishajua mzee hana maneno. Wako chini ya maji, watu wamefiwa na mkubwa wao, Daktari anashangilia mizuka kama amepata zawadi. Clara anamkonyeza: kadi. Anatoa rundo mfukoni, anachambua moja moja, anaisoma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: poleni sana kwa msiba, nitafanya niwezalo kuhusu kifo cha rafiki yenu, au ndugu, au mnyama wenu. Anasoma mpaka na "au" zilizoandikwa kwa ajili ya kuchagua!

Ulicheka mpaka ukaangusha mto. Mama yako hakucheka, alinitazama mimi.

Watu wengine hatukuandikiwa kadi. Tulijifunza kuwa kusahihisha ndiko kupenda, na hakuna aliyetukonyeza. Mama yako anasema ukali wako haukutoka kwenye televisheni. Sikumuuliza ulitoka wapi.

Hadithi ya mdogo wako nimeisoma, yote 40. Ndiyo, ina makosa. Mtu anakufa ukurasa wa 9 na ukurasa wa 14 anafungua mlango. Mashine ya wakati ameiweka ndani ya kabati la nguo na hajaeleza kwa nini. Lakini kuna dada mle ndani, mkubwa, mkorofi, anajua kila kitu, na kila mambo yanapoharibika ni yeye anayejua njia ya kutokea. Nadhani hukufika huko. Mstari wako uko ukurasa wa kwanza.

Sikuambii umwambie ni nzuri. Ukimwambia ni nzuri atajua umetumwa. Mwambie umefika ukurasa wa 14 na unataka kujua yule mtu amefufukaje.

Hati zako nimezitafuta jana usiku. Cheti cha kuzaliwa kipo, barua ya mwajiri ipo, nakala nimekutolea mbili mbili. Katika faili hilo hilo nimekuta mchoro wako wa darasa la nne, sanduku la buluu limesimama nje ya nyumba yetu. Nilikwambia siku ile kwamba madirisha yamepinda. Nimeuweka chini ya taa nikapima kwa rula. Hayajapinda. Sijui uliweka wapi mingine, huu nabaki nao kama huna neno.

Mengine ya haraka. Ufunguo wa chumba chako mwachie mama yako, si mlangoni. Begi kubwa zipu yake ni ya kubembeleza, usilijaze mpaka likakakamaa. Ukifika tuma ujumbe hata kama ni usiku wa manane, mimi silali hata hivyo. Watu wako 12 wajue majina yao wiki ya kwanza. Yule mzee alikuwa anasahau majina, lakini yeye alikuwa na miaka elfu mbili, wewe huna kisingizio. Ukikosea mbele yao sema nimekosea, usizunguke. Mimi huzunguka, umeshaona inavyochosha.

Makasha ya msimu wa 8, wa 9 na wa 10 usiyapakie. Huko utaangalia kwenye simu. Mdogo wako hajayaomba, ila Jumapili nilimkuta amesimama mbele ya rafu anayahesabu, na aliponiona akajifanya anafuta vumbi.

Kalamu nyekundu nimeichukua mimi, usiitafute.

Mchana simu yake huizima, yuko darasani. Baada ya saa moja jioni anapatikana, na akiona ni wewe atapokea. Jana aliniuliza ndege yako inaondoka saa ngapi.

Baba yako